Neno "mwema" lina maana gani tunaposema Mungu ni mwema?



Siku hizi ibada nyingi katika makanisa yetu ya mashariki zinafunguliwa kwa mwito mmoja. Kiongozi anapaza sauti: Mungu ni mwema! Kanisa linajibu: Wakati wote! Kisha anageuza maneno, nasi tunayageuza pamoja naye. Mwito huu tumeupokea kutoka kwa watu wa Kiingereza. Umepita kwa wahubiri wageni, kwa redio na kwa kwaya, ukafika Kindu, ukavuka mto kwenda Alunguli, na sasa hata kanisa la matofali ya udongo huku Kailo linauitikia. Vijana wanaojifunza Kiingereza hupenda kuusema vile vile ulivyokuja: "God is good". Sina neno dhidi yake. Ni sifa ya kweli, na Zaburi zimejaa sifa hiyo.

Shida inaanza pale mtu anapotuuliza tunasema nini. Katika kikundi cha akina mama cha parokia moja ya huku, siku ya shukrani, mama mmoja alisimama kushuhudia. Shimo la kasiterite lilikuwa limeporomoka, na mtoto wake alitoka mzima, "kwa sababu Mungu ni mwema". Watu wakapiga makofi na vigelegele. Kwenye benchi la nyuma alikaa mama mwingine, ambaye mtoto wake alikuwa katika shimo lile lile na hakutoka. Baada ya ibada alinikaribia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba Mchungaji, na kwangu mimi alikuwa nani?"

Swali kama hilo halijibiwi kwa andiko moja la kutupwa haraka mlangoni. Tunapaswa kwanza kujua neno lenyewe limebeba nini, kwa sababu tunalitumia kila Jumapili bila kulipima.

Tuanze nyumbani. Kiswahili cha pwani kina maneno mawili mahali ambapo Kiingereza kinatosheka na "good" na Kifaransa na "bon". Kuna -zuri, na kuna -ema. Kinachopendeza macho, masikio au ulimi ni kizuri: nguo nzuri, sauti nzuri, mchuzi mzuri. Kilicho na haki na huruma ndani yake ni chema. Mipaka hiyo si ukuta, maneno haya huingiliana, lakini wenye lugha wanaisikia tofauti. Wana methali isemayo uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mkakasi ni kikopo cha mti chenye mapambo nje. Kikiingia maji kinaharibika, na mapambo hayakisaidii. Hakuna anayesema "wema wa mkakasi". Juu ya wema wao husema kwamba hauozi.

Sisi wa Maniema tumeyakunja maneno hayo mawili kuwa moja. Habari gani? Muzuri. Chakula je? Muzuri. Na yule mkubwa aliyepita na pikipiki? Mutu muzuri, ana roho muzuri. Neno -ema limebaki kanisani na katika maneno ya kutakiana heri: safari njema, usiku mwema, Noeli njema. Injili yenyewe tunaiita Habari Njema. Basi mtoto wa Kailo anaposikia kwamba Mungu ni mwema, moyoni mwake anatafsiri: Mungu ni muzuri. Na katika maisha yetu ya kila siku, mutu muzuri ni nani? Ni yule anayetoa. Mnunuzi wa madini aliyelipa sanduku la maiti ni mutu muzuri. Mgombea aliyeleta mabati na fulana wakati wa uchaguzi ni mutu muzuri. Mwaka ujao asipoleta kitu, amekuwa mubaya, ingawa moyo wake haukubadilika hata kidogo, wala kabla wala baada.

Sisi hasa, watu wa mkoa huu, tuna sababu ya kuogopa wema wa nguo na zawadi. Kiswahili chetu kiliitwa Kingwana, na jina hilo limetoka kwa waungwana. Muungwana, kwa maana ya pwani, ni mtu huru, mwenye adabu, asiye mshenzi. Katika karne ya 19 jina hilo lilivaliwa na watu wa misafara waliofuatana na wafanyabiashara wa kutoka Zanzibar hadi Nyangwe na Kasongo. Walikuwa na kanzu, walikuwa na salamu za adabu, na walikuwa na bunduki. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, David Livingstone alikuwa Nyangwe kando ya Lualaba. Watu wa misafara wakaanza kufyatua risasi katikati ya soko, ambalo wengi wake walikuwa wanawake. Watu wakakimbilia mitumbwi, na wengi wakafa majini. Livingstone aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400. Waliofanya hivyo waliitwa waungwana asubuhi ile, na jioni yake waliendelea kuitwa waungwana.

Sasa Kiingereza. Nimewasikia wahubiri kadhaa wakifundisha kwamba "good" limezaliwa kutoka "God", kwamba ukiondoa "o" moja unampata Mungu. Ni fundisho tamu, lakini si kweli. Katika Kiingereza cha kale maneno hayo mawili yalikuwa na sauti tofauti, moja fupi na moja ndefu, na wataalamu wa lugha wanayapeleka kwenye mizizi miwili isiyohusiana. "Good" ni ndugu ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya kukusanya na ya kuwa pamoja. Mzizi wake unabeba wazo la kitu kinachoungana vizuri na kingine, kinachofaa mahali pake, kama mpini unavyoingia katika jembe. Ndiyo maana Mwingereza anaweza kusema kisu ni "good" bila kufikiri juu ya tabia ya kisu. Kinakata, basi. Neno hilo hilo, likiwekwa katika wingi, linamaanisha mali na bidhaa. Kifaransa nacho kinafanya vivyo hivyo na "biens". Nadhani hapo ndipo injili ya mafanikio inapopata mlango: wema na mali vinashiriki jina moja, na mhubiri asiye mwangalifu anavichanganya.

Lakini Kiingereza hicho hicho kina jambo moja linalonigusa kila mwaka. Siku tunayoiita Ijumaa Kuu, wao wanaiita "Good Friday". Kwa matumizi ya zamani neno lile lilimaanisha siku takatifu, siku iliyotengwa kwa ajili ya Mungu. Hata hivyo Mkristo wa leo anayelisikia hawezi kukosa kushtuka: siku ya misumari, siku ya mama aliyesimama akitazama mwanawe akifa, wanaiita kwa neno lile lile wanalotumia kwa habari ya kisu kinachokata na bei nafuu.

Neno la Kiebrania linalosimama nyuma ya haya yote ni tov. Katika Mwanzo sura ya 1 limekuja mara 7. Mungu anatazama nuru, nchi kavu, mimea, mianga, samaki na ndege, wanyama, na mwisho vyote pamoja. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ambayo wengi wetu tulifundishwa nayo, walitumia pale -ema. Lakini walipofika Mwanzo 3:6, Hawa anapoutazama mti, neno ni lile lile tov, nao wakaandika kwamba mti wafaa kwa chakula. Walipofika Mwanzo 6:2, wale wana wa Mungu wanapowatazama binti za wanadamu, neno bado ni tov, nao wakaandika kwamba ni wazuri. Wafasiri hawakukosea. Kiswahili kiliwadai wachague kila mara, na walichagua kwa akili. Ila sisi wasomaji tumepoteza kitu ambacho Mwebrania anakisikia mara moja: macho ya Mungu na macho ya wanadamu yanatumia neno moja.

Tazama yanayofuata baada ya neno hilo. Mungu anaona tov, kisha anabariki na kutoa. Hawa anaona tov, kisha anatwaa. Wale wa sura ya 6 wanaona tov, kisha wanajitwalia. Katika Yoshua sura ya 7, Akani anaungama kwamba katika nyara za Yeriko aliona joho, tov nayo, pamoja na fedha na kabari ya dhahabu. Akatamani, akatwaa, akaficha chini ya hema yake. Daudi juu ya dari anamwona mke wa Uria, na neno ni lile lile, na kutwaa ni kule kule. Anayeishi katika nchi yenye mawe ya thamani chini ya miguu yake hahitaji mwalimu wa kumfafanulia maandiko haya. Wangapi wamefika Kailo, wakaona kwamba ni muzuri, wakatwaa?

Ndiyo maana Bwana Yesu alimzuia yule tajiri katika Marko 10. Alikuja mbio, akapiga magoti, akamwita Mwalimu mwema. Kwetu tungesema kijana huyu ana adabu. Yesu hakuipokea sifa ile juu juu. Alimuuliza kwa nini anamwita hivyo, akamkumbusha kwamba aliye mwema kweli ni Mungu peke yake. Hakuukana uungu wake, kama wengine wanavyodai. Alikuwa akimwambia kijana apime neno kabla ya kulitoa mdomoni. Kisha Marko anasema kwamba Yesu alimkazia macho, akampenda, akamwambia auze alivyo navyo. Yule mtu akaenda zake na huzuni. Alimjia mwema akitarajia nyongeza ya mema, akaombwa aache yale aliyokuwa nayo.

Inafaa pia kujua kwamba yule tunayemwita Msamaria mwema haitwi mwema popote katika Luka 10. Jina hilo limewekwa na wenye kuandika vichwa vya habari. Luka anaeleza tu alichofanya: alimwona, alimkaribia, alimfunga jeraha, alimpandisha juu ya mnyama wake, alilala naye nyumba moja, alilipa. Kuhani na Mlawi walimwona pia, ila wao walipita upande wa pili wa njia. Tofauti kati yao na yeye ni hatua chache za kukaribia.

Hapo nadhani tumefika karibu na moyo wa neno. Zaburi ya 73 inafunguliwa kwa kukiri kwamba Mungu ni mwema kwa Israeli. Mara tu baada ya hapo Asafu anasema miguu yake ilikuwa karibu kuteleza, kwa sababu aliwaona waovu wamenenepa na wana amani, naye kila asubuhi anapigwa. Kama tov ni kile anachopewa mtu, basi Zaburi ingevunjika katika mstari wa 3. Lakini haivunjiki. Asafu anaingia patakatifu, na katika mstari wa mwisho anarudia neno la kwanza, tov, akiliweka mahali pengine kabisa: kwake yeye, kuwa karibu na Mungu ndiko kwema. Waovu bado wamenenepa. Hakuna mahali anaposema kwamba mali yake imeongezeka.

Kitabu cha Maombolezo kinakwenda chini zaidi. Kiliandikwa juu ya magofu ya Yerusalemu, mji ulioanguka mbele ya Wababeli karibu mwaka 586 kabla ya Kristo. Ndugu zetu walioona Goma mwezi wa kwanza wa 2025 na Bukavu mwezi wa pili wanaweza kukisoma bila maelezo ya mchungaji. Sura ya 3 imepangwa kwa herufi za Kiebrania, mistari mitatu kwa kila herufi. Zamu ya herufi ya tisa ilipofika, ambayo ndiyo herufi ya kwanza ya tov, mwandishi aliifungua mistari yote mitatu, wa 25, wa 26 na wa 27, kwa neno hilo moja. Bwana ni mwema kwa wamngojao. Kungoja kwa utulivu ni kwema. Kubeba nira ujanani ni kwema. Lakini mistari michache kabla, katika wa 17, mtu huyo huyo amesema kwamba tov ameisahau. Maneno yote mawili yametoka katika mdomo mmoja, katika ombi moja, na Roho Mtakatifu hakufuta lile la kwanza ili kusafisha lile la pili.

Ukiendelea mpaka mstari wa 53 utamkuta shimoni. Wamemtupa humo akiwa hai, wameweka mawe juu yake, maji yamepita juu ya kichwa. Nilisoma mistari hiyo pamoja na yule mama wa benchi la nyuma, siku nyingine, nyumbani kwake. Sikumpa sababu ya kifo cha mtoto wake. Hakuna mchungaji aliyepewa sababu hiyo aigawe. Tulisoma tu mpaka mstari wa 57, ambapo mtu wa shimoni anasema kwamba siku alipolia, Mungu alimkaribia na kumwambia asiogope. Aliniomba nirudie mstari huo. Nikaurudia. Aliyefia chini ya mawe hakuwa peke yake mle ndani: hilo ndilo neno mwema linaloweza kubeba, na linalibeba hata pale ambapo hakuna aliyetoka.

Kwa hiyo, juu ya matumizi. Sioni ubaya mama aliyempata mtoto wake kusema Mungu ni mwema. Aseme, na sisi tupige makofi pamoja naye. Kinachonisumbua ni yale maneno mawili yaliyotangulia, "kwa sababu". Mtoto wangu amepona na Mungu ni mwema: hapo jirani anaweza kuitika. Mtoto wangu amepona kwa sababu Mungu ni mwema: hapo jirani ameachwa peke yake na swali lake. Wale vijana watatu wa Danieli 3 walijua tofauti hiyo mbele ya tanuru. Walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza kwamba hata asipofanya hivyo, hawataiabudu sanamu.

Matangani ninaomba jambo dogo tu. Tusiwapigie wafiwa mwito ule siku ya kwanza, tukingoja waitikie. Rafiki za Ayubu walifanya mambo mengi mabaya baadaye, lakini siku 7 za kwanza walikaa naye chini bila kusema neno, na hizo zilikuwa siku zao bora.

Na tunapochagua wazee wa kanisa, tuache kuuliza nani ni mutu muzuri. Paulo anamwandikia Tito atafute mtu asiyetaka mapato ya aibu, mtu apendaye mema (Tito 1:7-8). Huyo anaweza kuwa hana hata baiskeli. Matendo ya Mitume 11:24 linamwita Barnaba mtu mwema, na ni kweli alikuwa ameuza shamba na kuleta fedha miguuni pa mitume. Lakini jambo lake ambalo mimi hulikumbuka zaidi ni lile la sura ya 9: Sauli alipofika Yerusalemu na wote wakamwogopa, Barnaba ndiye aliyemtwaa na kusimama kando yake. Huyu naye alitwaa, ila alitwaa mtu aliyekataliwa.

Mtaniuliza kama basi mwito ule wa Jumapili tuuache. Hapana. Someni Ezra 3. Watu wamerudi kutoka uhamishoni, msingi wa hekalu umewekwa, na Walawi wanaimbisha maneno yale yale, kwamba Bwana ni mwema na fadhili zake ni za milele. Wengi wanapiga kelele za furaha. Wazee walioiona nyumba ya kwanza kabla haijabomolewa wanalia kwa sauti kuu. Mwandishi anasema kwamba kelele ya furaha na sauti ya kilio zilichanganyika, watu wasiweze kuzitenganisha, na sauti ikasikika mbali. Andiko halisemi kwamba Mlawi yeyote aliwanyamazisha wale wazee.